Kinywa Kikavu Si Kiu: Soma Kadi ya Mashine Yako Kabla ya Kuirudisha Kwenye Boksi

Leo naomba tuache kidogo mambo ya simu na seva, tuzungumzie kompyuta nyingine, ndogo, yenye feni ndani yake, ambayo baadhi yetu tunalala nayo kila usiku. Namaanisha mashine ya CPAP, ile ya watu wanaokoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini. Nina hoja moja tu: mtu anayeamka kinywa kimekauka kama unga huku amevaa mashine hii, mara nyingi hana kiu. Ana hewa inayovuja. Na habari za uvujaji huo zimeandikwa usiku kucha ndani ya mashine, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo wengi wetu hatukuambiwa kwamba ipo, sembuse kwamba tuna haki ya kuisoma.

Kwa wasiofahamu, ugonjwa wenyewe uko hivi. Ukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikajifunga, mtu akakaa sekunde kumi, ishirini, hata zaidi bila pumzi. Ubongo unashtuka, mwenye mwili anavuta hewa kwa kishindo, anarudi kulala, mchezo unaanza upya. Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa. Ikifika mara tano wanaanza kuuita ugonjwa, ikifika thelathini wanasema hali ni kali. Asubuhi wewe hukumbuki chochote. Unajua tu kwamba umelala saa nane na bado umechoka. (Na si ugonjwa wa wazee wenye vitambi peke yao. Umbo la taya na koo vinachangia pia. Mimi sijafika miaka thelathini na naivaa mashine hii kwa mwaka wa pili sasa.)

CPAP haina uchawi. Ni feni inayosukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa, na presha ya hewa hiyo inalizuia koo lisijifunge. Ukiivaa usiku kucha, inafanya kazi. Tatizo ni hilo neno "ukiivaa".

Nina jirani hapa Kitengela, mzee anayeendesha lori la saruji kutoka Athi River kwenda Namanga. Alipimwa, akakutwa na hali kali, akanunua mashine kwa akiba ya miezi mingi. Mwezi haukuisha nikakutana naye kwenye kioski cha maji.

"Mzee, shikamoo. Mashine inaendeleaje?"

"Marahaba, kijana. Ile nimeirudisha kwenye boksi yake. Naamka ulimi umenata juu, utadhani nimelala nikilamba mzigo wangu mwenyewe. Nikinywa maji usiku, nashinda chooni. Wacha nikorome tu."

Ukiijua barabara ya Namanga utaelewa kwa nini maneno yale yalinikaa. Ukishapita Isinya na Kajiado mjini, kuelekea Bissil na kuendelea, barabara inanyooka, jua linawaka, miiba kushoto, miiba kulia. Mtu aliyelala vizuri anasinzia pale. Sasa mpe usukani wa lori lenye tani za saruji mtu ambaye usiku wake umekatwa vipande mara thelathini kila saa. Kinywa kikavu kinaonekana ni usumbufu mdogo, jambo la aibu hata kumweleza daktari. Kumbe ndicho kinachomwondoa mtu kwenye matibabu, na mtu huyo kesho yuko mbele yako barabarani.

Haya basi, turudi kwenye mashine. Aliyeivumbua ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, huko Sydney mwaka 1980, na matokeo ya wagonjwa wake watano wa kwanza yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1981. Angalia kitu kimoja muhimu: hewa ile aliipitisha puani. Mpango mzima ulitegemea kwamba mtu anapumua kwa pua, mdomo umefungwa, na kaakaa laini limeegemea ulimi kama mlango. Presha ikiwa nyuma ya mlango uliofungwa, koo linabaki wazi. Mlango ukiachama, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni, moja kwa moja, kama bomba lililopasuka. Mtu amelala, hajui lolote. Anayejua ni mashine, kwa sababu feni inalazimika kusukuma hewa zaidi ili kulinda presha iliyoagizwa.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapopotoka. Hewa ya nyuzi 37 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 44 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Hivyo ndivyo mapafu yanavyoipenda. Chukua usiku wa Julai hapa kwetu, tuseme joto limeshuka hadi nyuzi 12. Hata hewa hiyo ikiwa imeshiba kabisa, ukungu na vyote, haibebi zaidi ya gramu 11 hivi. Ukiwa Mombasa, usiku wa nyuzi 25 wenye unyevu wa asilimia 90, hewa ina gramu 20 na ushei. Kwa hiyo mtu wa Likoni na mtu wa Kitengela wenye mashine ile ile na barakoa ile ile hawalali usiku mmoja. Ushauri mwingi unaousoma kwenye intaneti uliandikwa na watu wa hali nyingine ya hewa kabisa.

Hiyo tofauti ya gramu thelathini na kitu kwa kila mita ya ujazo inajazwa na pua yako. Kwa kawaida si hasara kubwa, kwa sababu unapotoa pumzi kwa pua ile ile, sehemu ya maji inarudi kwenye utando. Pua ni mfanyabiashara mjanja, inakopesha na kudai. Lakini hewa inayotoroka kwa mdomo hairudi kulipa. Uvujaji wa lita 30 kwa dakika ni karibu mita 1.8 za ujazo kwa saa. Tuseme mwili unaweza kuinywesha hewa hiyo nusu tu ya maji inayoyataka: bado ni gramu 30 kila saa. Mdomo ukiachama kwa saa nne, umepoteza gramu 120. Hiyo ni zaidi ya nusu kikombe cha chai, imepulizwa juu ya ulimi na ufizi wako kama kikaushio cha nywele. Glasi ya maji kando ya kitanda itashindana na hilo vipi? Unakunywa, dakika kumi baadaye kumekauka tena, na kibofu kimejaa.

Kuna ubaya mwingine. Mwaka 1996 watafiti wa Sydney, Sullivan akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba hewa ikivuja kwa mdomo, pua yenyewe inaanza kuziba, ukinzani wake unapanda. Pua ikiziba, unafungua mdomo zaidi. Ukifungua mdomo zaidi, pua inaziba zaidi. Programa mwenzangu ataitambua hali hii mara moja: kitanzi kisicho na masharti ya kutoka. Watafiti hao hao waliona kwamba hewa ikipashwa moto na kutiwa unyevu kabla ya kuingia, kitanzi kinapungua nguvu. Ndiyo kazi ya lile tangi la maji lililo ubavuni mwa mashine, hyumidifaya.

Tunaofanya kazi ya programu tuna tabia moja nzuri (zipo mbaya nyingi). Mteja akipiga simu kusema "sistimu imekwama", hatuanzi kubadilisha vitu ovyo. Tunafungua logi kwanza. Sasa fikiria mtu mwenye kinywa kikavu anaambiwa nini. Ongeza maji. Punguza chumvi. Nunua peremende. Nunua barakoa nyingine. Nunua mashine nyingine! Hakuna anayeuliza: je, umesoma logi?

Logi ipo. Mashine nyingi za CPAP zina tundu la kadi ya SD, ile ile ya kamera. Humo zinaandika presha, mtiririko wa kila pumzi, matukio ya kukatika pumzi, na uvujaji. Wazalishaji hawakutangaza muundo wa faili zao kwa watu wa kawaida. Walitengeneza programu za madaktari na wauzaji. Mtu mmoja anayeitwa Mark Watkins akaanzisha programu huria iitwayo SleepyHead, akafumbua faili hizo kwa subira ya ajabu. Alipoacha kuiendeleza mwaka 2019, watu wengine waliichukua misimbo yake wakaendelea nayo kwa jina la OSCAR. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haitaki intaneti ukishaipakua. Data inabaki kwenye kompyuta yako. Nawaambia ukweli, katika miaka yangu yote ya kuandika programu sijaona mradi huria ambao faida yake iko karibu na mwili wa mtu kiasi hiki.

Namna ya kuitumia: zima mashine, toa kadi, sogeza kile kijiti kidogo cha ubavuni ili kadi ifungwe isiandikwe. Usiruke hatua hii, kwa sababu kompyuta hupenda kuandika vijifaili vyake kwenye kadi bila kukuuliza, na mashine zingine zinaweza kuikataa kadi baadaye. Fungua OSCAR, ingiza data, kisha tafuta grafu ya uvujaji. Ukirudisha kadi kwenye mashine, kumbuka kukirudisha kijiti mahali pake.

Hapa kuna mtego. Barakoa zote zina matundu ya makusudi ya kutolea hewa chafu, na hewa hiyo nayo ni "uvujaji". Kampuni moja inaonyesha jumla, nyingine inaondoa kwanza ule wa makusudi na kukuonyesha uliozidi tu. Kwa mashine za ResMed namba inayoonyeshwa ni ya uliozidi, na mstari wa hatari ni lita 24 kwa dakika. Kwa mashine zinazoonyesha jumla, lita 35 inaweza kuwa kawaida kabisa. Kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya rafiki yako mwenye mashine ya kampuni nyingine. Linganisha usiku wako na usiku wako.

Nilichokiona kwenye grafu zangu ni hiki. Asubuhi zote nilizoamka na kinywa kikavu, mstari wa uvujaji ulikuwa umepanda kama mlima kuanzia saa tisa au saa kumi usiku, ukakaa juu hadi karibu na alfajiri. Asubuhi zilizokuwa nzuri, mstari ulilala chini kama uwanda wa Kaputiei. Si hisia tena, ni picha. Kisha nikaona kitu kilichonitisha zaidi: saa zile zile za uvujaji, matukio ya kukatika pumzi yalirudi. Presha ilikuwa inatoroka kwa mdomo, koo likajifunga kama zamani. Maana yake kinywa kikavu hakikuwa gharama ya matibabu. Kilikuwa dalili kwamba matibabu yamesimama nusu ya usiku, barakoa ikiwa bado iko usoni.

Mzee wangu wa lori naye alikubali tuangalie kadi yake, nyumbani kwake, kwenye laptopu yangu. Usiku tisa. Usiku wa kwanza hadi wa nne uvujaji mkubwa nusu ya usiku, wa tano kuendelea anaivua saa saba na haivai tena. Akaiangalia ile picha kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inaandika yote haya na hakuna aliyesoma?" Hilo ndilo swali langu pia, na nalielekeza kwa wanaouza mashine hizi.

Mahali niliponunulia yangu (sitapataja, na si hoja) niliomba ripoti ya uvujaji nikaambiwa kwamba "hizo ni za daktari". Menyu ya mipangilio imefichwa, kadi haikutajwa, na kijitabu kinaeleza jinsi ya kuosha tangi tu. Naelewa sababu moja: presha ni kama dawa, na mgonjwa akiibadilisha kiholela anaweza kujiumiza. Nakubali. Sidai kila mtu apewe kubadilisha presha. Lakini kusoma si kuandika! Hata kwenye seva tunatoa ruhusa ya kusoma bila ruhusa ya kuandika. Ni somo la wiki ya kwanza ya Unix. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inampa mwenye data haki ya kupata data zinazomhusu zilizo mikononi mwa mwingine, na data za afya zimewekwa kwenye kundi la data nyeti. Kama mashine yako ina modemu na inatuma rekodi kwa muuzaji au kampuni, zile ni pumzi zako. Ziombe, kwa maandishi, na utaje kifungu.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa akisoma grafu atapata wasiwasi bure. Labda mgonjwa wa London mwenye kliniki ya usingizi mtaa wa pili na muuguzi wa kumpigia simu kila wiki. Huku Kajiado, daktari bingwa wa usingizi kwa wengi wetu ni safari ya Nairobi, siku nzima ya kazi imepotea. Mtu anayekwenda safari hiyo akiwa na picha za usiku kumi mkononi anampa daktari kitu cha kufanyia kazi. Anayekwenda na maneno "kinywa kinakauka" anarudi na peremende.

Sasa ukishaujua uvujaji wako, unafanya nini? Anza na pua, kwa sababu hakuna anayefungua mdomo kwa starehe. Kitengela tuna vumbi la ujenzi, vumbi la machimbo na vumbi la viwanda vya saruji vya jirani zetu wa Athi River, na mzio wa vumbi huziba pua usiku. Kuisafisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala kunasaidia wengi, lakini maji hayo yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja. Mzio ukiwa mkali kuna dawa za kupuliza puani, muulize daktari. Na angalia vidonge vyako. Piriton, ambayo huku tunaimeza kwa kila chafya, inakausha mate na inaleta usingizi wa mchana juu ya ule ulionao tayari. Dawa zingine za msongo wa mawazo, na baadhi ya dawa za presha ya damu, nazo hukausha. Usiache dawa ya daktari kwa sababu ya makala yangu, ila mweleze.

Kama pua ni nzima na mdomo bado unaachama, kuna barakoa inayofunika pua na mdomo kwa pamoja. Haizuii mdomo kufunguka, bali inauweka ndani ya presha, kwa hiyo hewa haina pa kutorokea. Ubaya wake ni kubwa, inavuja kandokando kwa mtu mwenye ndevu, na kinywa kinaweza kukauka bado ila si kwa kasi ile. Kuna mkanda wa kidevu, ambao kwangu ulikuwa kituko tu: unavuta taya nyuma, midomo inabaki wazi. Wengine unawafaa. Na kuna hii mitindo ya kubandika plasta mdomoni, imejaa kwenye video za simu. Mimi siipendi. Pua ikiziba usiku, au ukitaka kutapika, au stima ikikatika na wewe umejifunga mdomo na barakoa ya pua... hapana. Mwacheni daktari aseme. Presha nayo inaweza kuwa juu kuliko unavyohitaji, na presha kubwa hupasua midomo kama upepo unavyofungua dirisha bovu. Hilo pia ni la daktari, na ndipo grafu yako inapokuwa na thamani.

Kisha hyumidifaya. Nasema kisha, kwa makusudi. Watu huanza nayo, wanaizungusha hadi mwisho, na tangi (la mashine nyingi halifiki nusu lita) linakauka kabla ya alfajiri. Tangi linalokauka mapema ni dalili nyingine ya uvujaji. Ziba uvujaji, ndipo upandishe unyevu hatua moja moja. Julai na Agosti utakutana na kinyume chake: hewa yenye joto inapita kwenye mpira wa baridi, maji yanaganda matone, unaamshwa na maji usoni. Pitisha mpira chini ya blanketi, au uufunike na kitambaa cha sufi. Mpira wenye waya wa kupasha moto ni bora kama mfuko unaruhusu.

Na maji yenyewe! Hapa ndipo watu wa Kitengela na Kajiado tuna hadithi yetu. Maji yetu mengi ni ya visima virefu, yanakuja kwa boza au mkokoteni, na mengi yana chumvi. Birika zetu zinajua. Baadhi ya visima vya ukanda huu vina floraidi juu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na ndiyo sababu utawaona watu waliokulia huku wenye meno ya kahawia. Watu wameniuliza kama wataivuta floraidi hiyo kupitia mashine. Jibu fupi: tangi la CPAP linapasha maji yakawa mvuke, na chumvi haiendi na mvuke, inabaki chini. Ndiyo hiyo magamba meupe. Lakini magamba yanaharibu tangi na kuwapa vijidudu pa kukaa. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapungua, chumvi inabaki pale pale, basi imezidi. Watengenezaji wanataka maji yaliyokenekwa. Nunua kwenye duka la dawa au la vifaa vya maabara. Watu wengi wanayajua kama "maji ya betri" ya kwenye petroli, ila mimi nayaogopa hayo kwa sababu moja: rafu ile ile ina asidi ya betri, chupa zinafanana, na chupa zingine hujazwa upya mtaani. Ukikosa kabisa kwa usiku mmoja, maji ya chupa ya kunywa yanavumilika. Tangi lioshwe asubuhi kwa siki nyeupe, lisuuzwe vizuri.

Meno nayo yasisahaulike. Mate ndiyo yanayolinda meno, na usiku yanapungua hata kwa mtu mzima wa afya. Kinywa kikikaushwa kila usiku kwa miezi, meno yanaoza kwa kasi. Piga mswaki kabla ya kuvaa barakoa, na usilale na peremende ya sukari mdomoni kama wengine wanavyoshauri. Mwambie daktari wa meno kwamba unatumia mashine hii.

Neno moja kwa wanaonunua mitumba. Mashine nyingi zinaletwa na ndugu zetu kutoka Marekani, nami sina ugomvi na hilo. Lakini Juni 2021 Philips ilitangaza kuondoa sokoni mamilioni ya mashine zake duniani kwa sababu sponji ya kupunguza sauti iliyo ndani ingeweza kumomonyoka na vipande vyake vikavutwa na mgonjwa. Mashine hizo hazikuyeyuka zote. Zingine zinauzwa tena. Angalia namba ya mashine kwenye orodha ya kampuni kabla ya kutoa pesa. Ukiona vumbi jeusi kwenye mpira, usiivae.

Mwisho ni stima, maana mtaniuliza. Mashine yenyewe bila kupasha maji hutumia kama wati 10 hadi 20. Ukiwasha hyumidifaya na mpira wa moto inaweza kufika 60. Betri ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600 kwenye karatasi, lakini betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo una 300. Mashine peke yake kwa saa nane, kwa wati 15, ni 120: unalala na inabaki. Mashine na joto, kwa wati 60, ni 480: inakufa usiku wa manane. Kwa hiyo siku ya giza zima kupasha, jaza maji tangi hivyo hivyo bila moto, na kubali kinywa kikauke kidogo. Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipokosa stima, hesabu hii ndiyo ingeamua nani analala na nani anakoroma. Mashine nyingi zinataka volti 24, hivyo tumia kibadilishaji cha moja kwa moja, si inveta, inayokula betri bure.

Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kusoma faili za EDF kwa Python, kwa wale ambao OSCAR haiwatoshi. Ni muundo wa wazi uliochapishwa mwaka 1992 kwa rekodi za usingizi, na mashine za ResMed huutumia kwenye kadi zao. Andaeni kadi zenu, na vijiti vyake vimefungwa. Wasalaam.